Mlango Uliomsubiri Nargiza

Kwa maneno ya Nunu, barabara ya mlimani haikufungwa na theluji. Theluji ilikuwepo, hakatai, wala hana wazimu wa kukataa kitu kilichofika usawa wa kidirisha cha zizi lake. Lakini anasema kwamba jana yake, siku ya kufunga mwaka, kizuizi cha barabara kule chini Mleta kilinyanyuliwa kwa magari matatu meusi ya watu waliokuwa wakienda kwenye hoteli za kuteleza juu ya theluji, kisha kikateremshwa puani mwa basi dogo alilopanda Nargiza. Dereva wa basi alishuka, akasema, akaapa, akaonyesha picha za watoto wake. Askari akamwambia mlima umekataa.

"Kwa wale haukukataa," alisema Nunu, amejiegemeza kwenye ua unaotenganisha nyumba yake na ya kina Teona. "Kwa Nargiza ndiyo umekataa. Aliyeniambia ni mume wa mpwa wangu, alikuwa palepale akiuza soksi za sufu. Ilibaki kidogo tu, mama yako sasa hivi angekuwa anakunywa chai kwenu."

Teona alisimama upande wa pili na ndoo ya maziwa mkononi. Kila jambo katika kijiji cha Sioni lina habari nne, na zote nne hutoka kwa Nunu. Lakini hii alitamani kuiamini. Mtu unaweza kumlaumu. Theluji utaiambia nini?

"Haya, nenda kapashe moto maziwa," Nunu akasema. "Mimi nabadilisha gauni nije niwafungulie mwaka. Sinia langu liko tayari tangu jana."

Hapo ndipo Teona alipaswa kusema. Aliambiwa na bibi yake aseme tangu wiki iliyopita, akapata nafasi ya kusema kwenye duka la mkate, na kisimani, na juu ya ua huuhuu, na kila mara akaishia kuzungumzia mengine. Akasema, "Haya, shangazi," akazunguka nyumba. Akaweka ndoo juu ya ukingo wa dirisha la jikoni, akapanda gogo, akatia mguu mmoja ndani, akajivuta.

"We Teona," Nunu aliita kutoka uani. "Mbona unaingia kwenu kama mwizi? Mlango umeganda?"

Teona alivuta mguu wa pili akafunga dirisha.

*

Mlango haukuganda. Kule milimani mtu wa kwanza kuvuka kizingiti mwaka ukishaingia ndiye anayeuleta mwaka wenyewe, kama anavyoleta matope kwa viatu vyake. Akiwa na mguu wa kheri, ng'ombe watazaa na wagonjwa watanyanyuka. Akiwa na mguu mzito, basi hayo ndiyo mtakayokaa nayo hadi theluji nyingine. Kwa hiyo mtu huyo huchaguliwa, huombwa, na huja na sinia la vitu vitamu. Nyumbani kwa bibi Mzekala, bibi yake Teona, mtu huyo alikuwa Nunu, mwaka baada ya mwaka, bila hata kuombwa tena.

Mwaka huu bibi Mzekala alisema hapana. Mlango ni wa Nargiza.

Nargiza, mama yake Teona, alikuwa na majira sita ya baridi huko Italia, akimwosha na kumlisha bibi kizee mmoja ambaye watoto wake hawakuwa na muda wa kumwosha wala kumlisha. Alikuwa hana karatasi za kuishi kule, na asiye na karatasi akitoka harudi. Sasa karatasi zilikuwa zimepatikana, na wenye bibi kizee wakampa likizo ya kupimwa kwa kijiko. Alipanga kufika kijijini siku ya kufunga mwaka, kabla ya giza. Alale kwa Nunu, na asubuhi awe wa kwanza kuvuka kizingiti cha nyumba yake.

Basi kuanzia usiku wa manane, hakuna mguu uliovuka mlango ule, kutoka wala kuingia. Kuni zililundikwa ndani mpaka karibu na kitanda. Maji yalijazwa kwenye kila kitu chenye tumbo. Ila ng'ombe hawezi kulundikwa ndani, na ndiyo maana Teona akapewa dirisha.

"Na dirisha je, siyo kuingia?" Teona aliuliza.

"Dirisha halina kizingiti cha kuvuka," bibi alijibu. "Hata paka anapita."

"Basi na Nunu apite dirishani, tuyamalize."

"Mgeni hapitishwi dirishani, mwanangu. Na Nunu mwenyewe umemwona? Tutabaki naye katikati mpaka Pasaka."

Walicheka wote wawili, na walikuwa bado wanacheka mlango ulipogongwa.

"Bibi Mzekala, nifungulie, mikono imejaa."

Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake karibu kabisa na mlango. Tangu alipoanguka zizini wakati wa kuvuna viazi, alikuwa hatembei isipokuwa kwa kushika vitu, na shinikizo la damu lilimpanda hata akikohoa.

"Nunu, mwanangu, ni wewe?"

"Ni mimi, na mwaka mpya uko mgongoni kwangu, unatetemeka."

"Tunamsubiri Nargiza."

"Nargiza yuko Mleta, bibi."

"Atakuja."

"Atakuja. Basi nimsubirie ndani."

Bibi alitazama mikono yake. "Ukimsubiria ndani utakuwa umeshaingia," alisema.

Teona, kupitia ufa wa pazia, alimwona Nunu amevaa gauni lake la kahawia la harusini na misibani, na kitambaa kipya kichwani. Sinia lilikuwa na kokwa za jozi zilizopikwa kwa asali, mkate wa jibini bado unatoa moshi, na bakuli dogo la ngano ya kurusha ndani kwa baraka.

"Niambie kwa mdomo wako," Nunu alisema. Sauti yake haikupanda. "Mguu wangu una nini?"

"Hauna kitu, mwanangu. Ni wewe umeingia miaka hii sita, na miaka hii sita mwanangu haji. Sisemi ni wewe. Nasema tujaribu mwingine."

"Mimi ndiye niliyempeleka Italia?"

"Hapana."

"Ulipoanguka zizini nikaja kukuokota, niliingia kwa mguu gani?"

Nunu alisubiri kidogo, kama mtu anayesubiri chenji. Kisha akageuka. Kwenye ngazi mguu ulimteleza, sinia likainama, bakuli la ngano likamwagika lote juu ya theluji. Hakuinama kuokota. Alikwenda zake na mkate wake wa moto, na kuku wa bibi Mzekala wakaja mbio, wakaula mwaka.

*

Chini ya kijiji, malori yalipangana barabarani kama shanga. Yalikuwa yametoka Urusi yakielekea kusini, na mlima ukayakuta yakiwa tumboni mwake. Jioni ile dereva mmoja alipanda kuomba maji ya moto. Jina lake Guram, mtu wa mji wa Gori, mrefu, ndevu zimeganda kwa baridi. Alielekea mlangoni, Teona akamwita kutoka dirishani.

"Huku, kaka. Mlango hautumiki."

Guram alizunguka akatoa chupa yake ya chai. "Kwetu dirishani tunanunua tiketi," alisema. "Unayo ya kwenda Gori?"

"Zimekwisha."

"Nilijua."

Alipokunywa glasi ya kwanza pale pale nje, Teona alishusha sauti akamgeukia bibi. "Huyu je? Hatumjui, hana ubaya na mtu. Apite yeye mlangoni tumalize, Nunu arudi kutuzoea."

"Dereva aliyekwama barabarani?" bibi alinong'ona. "Tukwame na sisi mwaka mzima?"

Guram alisikia. Akacheka hadi chai ikamtoka puani, akasema bibi amesema kweli, yeye mwenyewe asingejikaribisha.

*

Siku ya pili ya mwaka ni Siku ya Bahati. Unavyoipitisha siku hiyo ndivyo utakavyoupitisha mwaka. Watu hawagombani, hawadaiani, hawashiki kazi nzito. Hukaa na wanaowapenda, wakala kitu kitamu. Bibi Mzekala alikuwa ameitegemea siku hiyo kuliko Krismasi yenyewe. Nargiza akiwa ndani siku hiyo, alisema, mwaka wote atakuwa ndani.

Bata mzinga wa mchuzi wa jozi alikuwa mezani tangu siku ya kufunga mwaka, sahani ya Nargiza imefunikwa kwa sahani. Mchuzi ulikuwa umeshaanza kupasuka juu kama ardhi ya kiangazi. Hakuna aliyeugusa. Walikula viazi.

Simu iliita karibu na adhuhuri.

"Hawajafungua," Nargiza alisema. "Wanasema poromoko lingine limeshuka asubuhi. Pengine kesho."

Teona aliweka simu mezani ili bibi asikie. Bibi aliinamia ile simu kama anayetazama kisimani.

"Nargiza, nisikilize. Leo ni siku gani?"

"Najua, mama."

"Basi usikae kwenye benchi ya basi. Usilie. Tafuta kitu kitamu ule, hata kidogo. Kaa na watu wazuri. Cheka, hata kwa uongo, Mungu anaelewa."

"Nacheka, mama."

Nyuma ya sauti yake kulikuwa na mlio wa vyombo, sahani juu ya sahani, na maji yanayotiririka.

"Uko hotelini unakula?" bibi aliuliza, na uso wake ukapata nuru kidogo. "Nasikia sahani."

Nargiza akafunga bomba.

"Nimelala kwa mama mmoja hapa, ana vyumba," alisema. "Tangu tukwame amepandisha bei, kila usiku anapandisha. Nikamwambia nitamsaidia jikoni anipunguzie. Siyo kazi, mama. Vyombo tu."

"Vya wageni?"

"Vya wageni."

Bibi alirudisha mgongo wake ukutani. Teona aliichukua simu akasema mambo mengine, kwamba ng'ombe mzima, kwamba kuni zinatosha, na mama yake akauliza kama Nunu amekuja na mikate yake, na Teona akasema amekuja. Hakusema uongo. Alipokata simu, bibi alikuwa amefumba macho.

"Miaka sita anaosha vya watu," alisema. "Siku moja nilimwomba Mungu asioshe. Moja."

Mchana kutwa kutoka kwa jirani kulisikika beleshi, kwaru, kwaru. Nunu alikuwa juu ya paa la zizi lake akiondoa theluji, katika Siku ya Bahati, kazi ambayo kila mwaka hufanyiwa na vijana wa kijiji kwa chupa moja ya mvinyo. Alikuwa ameamua kuupitisha mwaka wake hivyo, na alitaka waone.

Teona alitoka dirishani kwenda kukamua. Akapita karibu na ua.

"Habari ya leo, shangazi."

Beleshi lilisimama, likaendelea.

*

Asubuhi ya siku ya tatu jua lilitoka, jua lile la baridi linaloumiza macho na lisilopasha kitu. Guram alikuja dirishani akitweta.

"Wanafungua adhuhuri," alisema. "Upande wetu. Wa kushuka tu. Wanaopanda wasubiri kesho, au keshokutwa, wakimaliza kusafisha."

"Wanaopanda wasubiri," Teona alirudia.

"Wanataka kuondoa malori kwanza. Mimi sijapanga, dada, usinitazame hivyo."

Teona alipiga simu. Nargiza alikuwa ameshasikia. Alizungumza polepole, kama mtu anayehesabu ngazi gizani.

"Ndege yangu ni kesho alfajiri, mwanangu. Jioni ya leo lazima niteremke Tbilisi. Binti yake bibi kizee amenipigia tangu jana, amenipigia tena leo. Anasema nisipokuwepo kesho, kuna mwanamke wa Kiukraine anasubiri mlangoni."

"Badilisha tiketi."

"Tiketi ya kubadilisha ni ya watu wengine."

"Basi huji."

"Siji." Nargiza akavuta pumzi. "Teona. Wewe njoo. Tafuta lori lolote, teremka mpaka Mleta. Nitakusubiri pale kwenye kizuizi mpaka basi la mwisho. Nikuone tu. Nilikuacha unanifika begani."

Guram, ambaye alikuwa bado ameshika fremu ya dirisha, alionyesha kwa kidole kifua chake, kisha barabara, kisha akainua kichwa kuuliza. Kiti kipo.

Teona alitazama ndani. Bibi Mzekala alikuwa kwenye kigoda chake, kitambaa kimemteremka shingoni. Kuni za ndani zilikuwa zimebaki kidogo, zingine ziko nje. Jiko la chuma linakula kama askari. Ng'ombe anakamuliwa mara mbili. Vidonge vya shinikizo bibi huvichanganya, vya asubuhi akala usiku. Na akishuka, Teona hatarudi leo. Atarudi upande wa kupanda utakapofunguliwa.

"Siwezi, mama," alisema. "Bibi abaki na nani?"

Huko Mleta mtu aliita jina la Nargiza, akiuliza sufuria kubwa iko wapi.

"Sawa," Nargiza alisema.

Aliisema vizuri, bila kulia, kama anavyoisema labda kila siku huko kwa watu wengine. Simu ikakatika.

"Mimi napasha injini," Guram alisema taratibu. "Nikipiga honi ujue ndiyo msafara unaondoka. Sikulazimishi." Akateremka.

Teona alikwenda mezani akaanza kukunja kitambaa, kisha akakikunjua. Akafunua sahani ya mama yake, akaifunika. Nje beleshi lilikuwa limeanza tena.

"Vaa koti," bibi alisema.

"Bibi, tumeshasema."

"Ninyi mmesema. Mimi sijasema. Vaa koti, na lile begi la soksi nilizomfumia liko chini ya mto. Na jozi za asali umwekee. Bata hapana, mchuzi utamwagika."

"Na wewe?"

Bibi alishika meza, akashika ukuta, akashika mpini wa mlango. Teona alikimbia kumshika kwapani, na bibi akamsukuma kwa kiwiko. Komeo lilikuwa limekaza kwa baridi. Alilipiga kwa kiganja, mara moja, mara mbili, likatoka.

Mlango ulifunguka. Baridi iliingia ndani yote kwa mpigo, ikapeperusha pembe za kitambaa cha meza. Bibi alisimama ndani ya kizingiti, vidole vya soksi zake karibu kabisa na ubao, hakuuvuka. Ngazini theluji ilikuwa safi, isipokuwa nyayo za kuku.

"Teona, pita dirishani," alisema bila kugeuka. "Hapa bado."

Teona alipita dirishani, begi begani, akazunguka mbele ya nyumba akiwa anafunga vifungo vya koti. Chini barabarani honi ya lori ililia, ndefu.

"Nunu," bibi Mzekala aliita.

Juu ya paa la zizi Nunu alikuwa amewapa mgongo. Alikuwa ameshaondoa theluji yote. Alikuwa sasa anakwangua mabati matupu.

"Nunu, mwanangu. Mtoto anakwenda kumwona mama yake. Mimi nabaki peke yangu." Sauti ya bibi ilikuwa nyembamba, ikikatwakatwa na upepo, lakini aliipandisha tena, na nyumba ya tatu walisikia, na mwanamke mmoja wa kule akatoka mlangoni na taulo mikononi kutazama. "Sikuombi ulete sinia. Njoo mikono mitupu. Njoo na viatu hivyohivyo. Ingia nyumbani kwangu, Nunu. Ingia wewe."

Honi ikalia tena, mara mbili, fupi fupi. Teona alisimama katikati ya ua, mguu mmoja umeshaelekea barabarani.

Beleshi lilisimama. Nunu alilikita juu ya bati, akaegemea mpini wake kwa mikono miwili, akatazama mlima.